Nani Anayeua Mkorosho?

Msomaji, ukitoka Galu kuelekea Msambweni wakati wa kipupwe, utaona mikorosho ikijiandaa kuchanua. Hapo ndipo mkulima hukosa usingizi. Huamka akakuta maua yamepakwa kitu cheupe kama unga wa muhogo, na punde yanakauka na kupukutika. Huo ni ubwiri unga. Dawa yake inajulikana: salfa, ipulizwe mapema.

Lakini si kila mkorosho unaonyauka una ubwiri. Mwaka 2012, katika kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga nchini Tanzania, mikorosho ilionekana ikinyauka tawi baada ya tawi hadi kufa. Kwa ugonjwa kama huo salfa ya majani haifui dafu, kwani adui yumo udongoni. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walimfuatilia mpaka wakamtaja: kuvu iitwayo Fusarium oxysporum.

Je, darubini haitoshi? Haitoshi, kwa kuwa kuvu za jamii hiyo ni nyingi, zinafanana, na baadhi hazina madhara yoyote. Ndipo vinasaba vinapoulizwa. Kipande cha mti mgonjwa husagwa, vinasaba vikatolewa na kutiwa katika mashine ya PCR, inayovipasha moto hadi nyuzi 95 hivi, ikavipoza, ikavipasha tena. Kila mzunguko, sehemu inayotafutwa huongezeka maradufu. Wanafunzi, pigeni hesabu: mizunguko 30 hupita bilioni moja! Mmarekani Kary Mullis alibuni mbinu hiyo mwaka 1983, na mwaka 1993 akatunukiwa Nobel ya kemia.

Hata hivyo, mashine humtaja aliyekuwepo, si lazima aliyeua. Kwa hiyo watafiti huambukiza miche mizima makusudi, kisha husubiri waone kama itanyauka.

Huko Brazil, vinasaba vilionyesha kwamba ubwiri wa mikorosho husababishwa na Erysiphe quercicola, kuvu inayoshambulia pia miembe, na hata mialoni ya Ulaya. Basi mkulima wa Galu mwenye mwembe ubavuni mwa mkorosho ana haki ya kuuliza ni upi unaouambukiza mwenzake.

Anayeshuku mnyauko akate kipande cha tawi pale ubichi unapokutana na ukavu, akifunge kwa karatasi, si kwa nailoni, ampelekee afisa wa kilimo. Jembe lililochimba chini ya mti huo lioshwe kabla ya kuvuka mpaka wa shamba la jirani.