Uuzaji kwa Kamisheni wa Kozi za Mtandaoni katika Mazingira ya Sumbawanga

Uuzaji kwa kamisheni ni utaratibu ambao mwenye bidhaa humlipa mshirika pale tu mteja aliyeletwa naye anaponunua. Amazon ilianza kuutumia mwaka 1996, ikimtambua mshirika kwa kiungo chenye alama yake. Kozi za mtandaoni zinaufaa kwa kuwa nakala ya ziada haigharimu mengi: kozi ya shilingi 20,000 yenye kamisheni ya asilimia 30 humpa mshirika 6,000 na kumwachia mwalimu 14,000.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kiungo pekee hakitoshi Sumbawanga na Ufipa kwa jumla. Mkulima wa mahindi aliyeshawishiwa na jirani gulioni huweza kulipa siku nyingine, kwa simu nyingine. Kiungo hakimwoni jirani huyo. Namba ya mshirika ikiingizwa kama kumbukumbu ya malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, pengo hilo huzibika.

Hatari kubwa zaidi ni ya heshima. Kozi ikiwa duni, mnunuzi hatamtafuta mwalimu aliye Dar es Salaam, atamwendea jirani. Ndiyo maana mshirika hana budi kuisoma kozi yote kabla ya kuinadi, na kamisheni kulipwa baada ya muda wa mnunuzi kudai fedha zake kupita.