Mbiu ya Mgambo Ndani ya Chungwa

Msomaji mmoja ana mtoto wa miaka sita anayetokwa na vipele vya kuwasha vinavyovimba na kutoweka, halali vizuri, na wameambiwa kwamba hapatani na salisilati. Orodha aliyokabidhiwa mama imefuta machungwa, mananasi, tende, zabibu kavu, asali, chai, nyanya na karibu kila kiungo cha pilau. Anauliza: aishi hivi mpaka lini? Jibu langu ni wiki chache. Mlo huu ni kipimo, kama vile kupimwa damu ni kipimo, na hakuna anayebaki na sindano mkononi mwaka mzima kwa sababu kipimo kilikuwa na maana. Sababu zangu zinaanzia shambani, mbali kidogo na tumbo la mtoto, na huko ndiko kwenye utamu wa habari yote.

Asidi ya salisiliki, mama wa salisilati hizo, ni mbiu ya mgambo ya mmea. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala damu ya kusambaza askari. Adui akiingia, lazima kila jani lijilinde palepale lilipo. Virusi vya batobato vikishambulia jani la tumbaku linaloweza kujihami, seli zilizovamiwa na jirani zake hujiua zenyewe, zikaacha doa kavu linalomfungia mvamizi ndani, kama watu wanaobomoa kibanda kinachowaka ili moto usivuke uchochoro. Wakati huohuo asidi ya salisiliki inapanda kwa kasi. Pembe imelia. Nyumba za mbali, ambazo hazijamwona mwizi wala kumsikia, zinafunga milango na kunoa mapanga: majani ya juu yasiyo na ugonjwa wowote yanaanza kutengeneza protini za kupambana na vimelea, na adui akirudi baada ya siku kadhaa anakuta kijiji kizima kiko macho. Sehemu ya asidi hiyo hugeuzwa kuwa salisilati ya methili, ambayo huyeyuka hewani. Harufu yake unaijua. Ndiyo ile kali ya dawa ya kuchua misuli. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walionyesha kwamba tumbaku iliyoambukizwa huitoa hewani, na mimea mizima iliyo jirani ikaipokea na kuanza kujiandaa. Yaani kijiji cha pili nacho kimesikia pembe ya kijiji cha kwanza.

Mbiu hii inaweza hata kupigwa bure. Mwaka 1979 mtafiti R. F. White, kule Uingereza, alidunga aspirini, ndugu wa asidi hiyo, kwenye majani ya tumbaku, kisha akayapaka virusi, na madoa yakapungua sana. Hapakuwa na mwizi, ila pembe ililia na watu wakatoka na marungu. Mwaka 1990 makundi mawili ya watafiti, moja likishughulika na tumbaku na lingine na matango, yalionyesha kwamba mmea ulioshambuliwa huiongeza asidi hiyo wenyewe. Miaka mitatu baadaye ikatengenezwa tumbaku iliyopachikwa jeni la bakteria linaloiharibu asidi hiyo kila inapotokea. Kijiji kilichonyang'anywa pembe kililala fofofo, na magonjwa yakaingia yapendavyo. Ni nani hasa anayebeba habari kutoka jani hadi jani, wataalamu bado wanabishana, tuwaachie.

Sasa turudi kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni pa jokofu. Ikiwa asidi hii ni mbiu, kiasi chake kinategemea rabsha iliyotokea shambani. Orodha nyingi za aina hii zina asili moja: makala ya mwaka 1985 ya Anne Swain na wenzake wa Sydney, waliopima vyakula 333. Humo gramu 100 za unga wa bizari ya mchuzi zina zaidi ya miligramu 200 za salisilati, chungwa lina zaidi kidogo ya miligramu 2, na ndizi au peasi lililomenywa hazikuonyesha kitu. Peasi hilohilo likipimwa na ganda lake, salisilati inaonekana, maana ganda ndiko mapambano yanakofanyikia. Ni kazi kubwa na ya heshima, lakini kila tarakimu yake ni picha ya chungwa fulani kutoka shamba fulani. Watafiti wa Scotland walipolinganisha supu za mboga mwaka 2001, zile za mboga zilizolimwa bila dawa za viwandani zilikuwa na asidi ya salisiliki karibu mara sita ya zile za kawaida kwa kipimo cha kati. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba mboga isiyopigiwa dawa hupambana na wadudu na kuvu yenyewe. Kwa hiyo mama anayehesabu miligramu kwa nukta za desimali anapoteza usingizi bure. Orodha inaweza kumwambia kwamba bizari iko juu na mchele uko chini, na hapo imefika mwisho wa uwezo wake.

Neno mzio, linalotumika mara nyingi hapa, nalo linampotosha mama. Mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika kwa chembe tu, hivyo marufuku kamili ina mantiki. Salisilati ni suala la jumla: mtoto asiyezivumilia ana kikomo, na kinachohesabiwa ni mkusanyiko wa siku nzima au siku kadhaa. Gramu tano za bizari, kwa hesabu ya Sydney, zina kama miligramu 10. Sufuria ya watu watano humpa kila mlaji miligramu mbili, sawa na chungwa moja dogo. Na vyote hivi ni vidogo mbele ya dawa. Waskoti walipopima damu, pia mwaka 2001, walaji wa mboga walikuwa na asidi ya salisiliki zaidi ya walaji nyama, ila watu waliokuwa wakimeza aspirini ya miligramu 75 kila siku waliwazidi hata hao walaji wa mboga karibu mara tisa. Aspirini pia hubeba kipande cha asetili ambacho hukibandika kwenye kimeng'enya na kukizima. Salisilati ya tunda haina kipande hicho. Pumu inayochochewa na aspirini ni ugonjwa wa kweli, lakini hautoshi kuwa hukumu dhidi ya nanasi.

Mzazi atapinga: “Lakini mwanangu ametulia tangu nimwondolee vitu hivyo.” Nakubali kwamba ametulia. Swali ni kilichomtuliza. Ben Feingold, daktari wa mzio wa San Francisco aliyeisambaza dhana hii miaka ya 1970, aliondoa salisilati pamoja na rangi na ladha za viwandani kwa mkupuo mmoja, na wanaomfuata hufanya vivyo hivyo. Ukifuta soda, peremende, biskuti za rangi na chungwa kwa siku moja, chungwa linaweza kufungwa kwa kosa la soda. Macho ya mzazi nayo yana kesi ya kujibu. Mwaka 1994 Hoover na Milich waliwachukua wavulana wa miaka 5 hadi 7 ambao mama zao waliamini sukari inawavuruga. Wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Mama walioambiwa kwamba mtoto amepewa sukari waliripoti utundu zaidi, wakawakosoa watoto na kuwakaribia zaidi. Hawakuwa waongo, tarajio lilitangulia jicho. Ndiyo maana kliniki ya Hospitali ya Royal Prince Alfred, Sydney, baada ya mlo wa wiki mbili hadi sita, hutumia kapsuli za kupima, nyingine zikiwa hazina kitu, ili anayetazama asijue ipi ni ipi.

Wengine watasema, basi tuendelee tu, kuna ubaya gani? Upo. Mwaka 2013 madaktari wa Sydney, mji uleule wa orodha, walichapisha kumbukumbu za watoto waliowekwa kwenye mlo huu: wapo waliopungua uzito, waliokosa virutubisho, na waliojenga chuki na chakula chenyewe. Mtoto wa miaka sita aliyefundishwa kwamba kila sahani ina sumu haisahau elimu hiyo kirahisi.

Kwa hiyo weka tarehe ya mwisho kabla ya kuanza, na uwe na mtaalamu wa lishe pembeni. Mtoto aliyewahi kubanwa pumzi au kuvimba midomo asijaribiwe nyumbani kabisa. Andika dalili kila jioni kabla ya kutazama alichokula. Wiki zikiisha bila badiliko, orodha inatupwa na chanzo kinatafutwa kwingine. Zikileta nafuu, rudisha kundi moja moja, kiasi kidogo kwanza, halafu zaidi kwa siku kadhaa, hadi kikomo kijulikane. Wengi watakuta nusu chungwa halina neno na glasi mbili za juisi zina neno. Katika kipindi hicho kifupi, wali, maharage, mayai, samaki, maziwa, kabichi, viazi vilivyomenywa na ndizi vinabaki mezani, na embe na papai katika vipimo vya 1985 viko chini sana kuliko chungwa, hivyo vitamini C haina haja ya kutoka kwenye chupa. Kagua pia jeli za kupaka fizi na dawa za kuchua, kwa kuwa baadhi zina salisilati nyingi kuliko bakuli lolote la mchuzi.