Kiboksi cha umeme chaweza kuteketeza mtaji wa Wi-Fi ya nje

MFANYABIASHARA anayeingia duka la vifaa vya mtandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kutafuta Wi-Fi ya kufunga nje ya hoteli, gesti au baa, kwa kawaida huulizia mambo mawili: inafika mita ngapi, na bei ya mwisho ni kiasi gani. Kiboksi cha kupeleka umeme kwenye kifaa hicho hukichukua mwishoni kabisa, tena mara nyingi kile cha bei ya chini kuliko vyote. Hapo ndipo hasara huanzia.

Vifaa vingi vya Wi-Fi vya nje havina waya wa umeme wa kawaida. Umeme na mawasiliano hupita pamoja ndani ya kebo moja ya mtandao, utaratibu unaofahamika sokoni kwa herufi PoE. Faida yake kibiashara iko wazi. Hakuna haja ya kumlipa fundi avute laini ya volti 230 hadi ukingo wa paa au juu ya mlingoti, na kifaa kikigoma, mwenye mali hukizima na kukiwasha akiwa ofisini bila kupanda ngazi.

Tatizo ni kwamba umeme huo uko wa koo mbili, na kwa macho viboksi vyake vinafanana. Ukoo wa kwanza unafuata kanuni za taasisi ya wahandisi ya IEEE. Kanuni ya 802.3af ilitolewa mwaka 2003 na inaruhusu wati 15.4 kwa kila tundu, ya 802.3at ilifuata mwaka 2009 kwa wati 30; na ya 802.3bt ilitoka mwaka 2018 ikafikisha wati 90. Vifaa vya ukoo huu hubisha hodi kwanza. Swichi hupeleka volti chache tu, hupima kama upande wa pili kuna kifaa cha aina yake, kisha ndipo hufungulia umeme kamili wa volti 44 hadi 57. Mtu akichomeka kompyuta kwa bahati mbaya, hakuna kinachoungua.

Ukoo wa pili, ambao lebo zake huandikwa "Passive", haubishi hodi. Ukiuchomeka tu, umeme uko njiani, mara nyingi volti 24, na baadhi volti 48. Si ubovu, redio nyingi za Ubiquiti na MikroTik zimefanya kazi namna hiyo kwa miaka mingi, na viboksi vyake ni rahisi. Lakini kifaa cha volti 24 kikipewa volti 48 za aina hii huweza kuteketea papo hapo, na dhamana ya duka kwa kawaida haifiki huko. Kinyume chake, kifaa cha kanuni ya IEEE kikipewa volti 24 hakiwaki, na mnunuzi hukirudisha dukani akidai kauziwa kibovu.

Akishajua ukoo, mnunuzi atazame wati. Hapa wengi hukosea hesabu, kwa sababu wati 15.4 za kanuni ya mwaka 2003 ni za kwenye swichi. Kanuni inahakikisha wati 12.95 tu mwisho wa kebo ya mita 100. Zilizobaki zinaruhusiwa kupotea njiani kama joto. Kwa kanuni ya wati 30, zinazohakikishwa ni 25.5. Kwa hiyo kifaa chenye matumizi ya juu ya wati 14 kinahitaji kanuni ya pili, hata kama muuzaji anasisitiza kuwa 14 ni ndogo kuliko 15. Aidha, vifaa vingi vipya vya Wi-Fi 6 vya nje vinataka wati hizo 25. Vikipewa pungufu, baadhi huwaka vizuri tu, ila huzima redio moja au kupunguza nguvu ya kurusha. Mwenye hoteli anakuwa amenunua Fuso na kuipakia mzigo wa bajaji.

Kebo nayo ina sehemu yake. Tuchukue mfano wa kifaa cha volti 24 kinachovuta nusu ampea kupitia mita 100 za kebo ya shaba. Ukinzani wa waya kwenda na kurudi ni kama omu 9, hivyo hupotea volti 4.5 na kufika 19.5. Kwa kiboksi cha volti 48, wati zile zile zinahitaji robo ampea tu, na hasara ni volti mbili na kidogo. Ndiyo maana kwa umbali mrefu volti 48 ina nafuu, japo bei yake iko juu.

Sasa ibadilishwe kebo, iwekwe ile ya alumini iliyopakwa shaba, inayoandikwa CCA kwenye boksi na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Ukinzani wake huzidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na volti 24 huweza kufika juu zikiwa 17. Kifaa nacho, kwa kuwa kinataka wati zile zile, huvuta mkondo zaidi na hali huzidi kuwa mbaya. Dalili yake ni Wi-Fi kujizima na kujiwasha jioni, wateja wanapokuwa wengi. Si ajabu mwenye biashara akailaumu kampuni ya intaneti na kulipia kifurushi kikubwa zaidi, kumbe ugonjwa uko kwenye waya. Kuitambua kebo hiyo ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. CCA hung'aa kama fedha.

Anayefunga vifaa vingi hununua swichi badala ya viboksi. Ajihadhari na swichi yenye matundu manane yanayotoa PoE lakini jumla ya wati zake ni 60. Vifaa vinane vya wati 12 vinataka 96, na vya mwisho havitawaka. Vilevile, baadhi ya viboksi vya bei rahisi hupitisha mawasiliano kwa kasi ya megabiti 100 tu, ambapo kifaa chenyewe kingeweza 1,000.

Kuhusu mvua, kiboksi kisicho na alama ya IP65 au zaidi kikae ndani. Kebo ya nje iwe yenye ganda jeusi la kuhimili jua, na pwani viunganishi vifunikwe dhidi ya hewa ya chumvi. Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi, kizuia radi kiwekwe ncha zote mbili za kebo na kuunganishwa na waya wa ardhi ulio mzima. Bila waya huo, kizuia radi ni pambo. Hata kukiwa na vyote hivyo, radi inayopiga mlingoti moja kwa moja inaweza kuondoka na kila kitu.

Kwa wanaotegemea sola, kifaa cha wati 12 hula wati-saa 288 kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini isitumiwe zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu. Hiyo ni takriban siku mbili bila jua, kabla ya kutoa kinacholiwa na kiboksi cha kupandisha volti 12 kuwa 24 au 48. Anayeongeza kifaa cha pili atenge fedha za betri ya pili pia.