Kwa sekunde chache: rekodi saba za wakimbiaji wetu

Kwenye futiboli ya Kimarekani, kazi ya mkimbiaji wa mpira hupimwa kwa yadi. Anayeongoza ni Emmitt Smith: yadi 18,355 katika misimu 15, kuanzia 1990 hadi 2004. Ni kama kilomita 16.8, na kila yadi aliipata huku wanaume wa miraba minne wakimrukia wamwangushe. Huku kwetu Arusha, kutoka Themi hadi miteremko ya Mlima Meru, mkimbiaji hupimwa kwa saa. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huusukuma mwili kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Ndiyo maana wanariadha wa masafa marefu kutoka mikoa mingine huja kufanya mazoezi hapa. Rekodi hizi saba, za Arusha na za nchi nzima, kila mtoto anayekimbia alfajiri katika barabara zetu anastahili kuzijua.

Iliyotikisa dunia

Filbert Bayi wa Karatu, 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand: fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wengi walizoea kujibanza kundini na kufyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi alishika uongozi tangu mwanzo, akapita mita 800 kwa 1:52.2, na hakuna aliyemfikia. Alimaliza kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alichukua na rekodi ya maili: 3:51.0.

Iliyodumu kuliko zote

Rekodi ile ya dunia ilikaa hadi 1979, Sebastian Coe alipoivunja. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, muda wa Bayi ulisimama miaka 48. Ni Oliver Hoare wa Australia aliyeufuta, Birmingham 2022, kwa 3:30.12.

Waliokosa chupuchupu

Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton 1978, Bayi alikosa dhahabu ya mita 1,500 kwa sekunde 0.11 tu, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza. Kwenye marathoni ya Boston 1988, Mtanzania Juma Ikangaa alifika sekunde moja baada ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Katikati ya maumivu hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa 2:08:01, muda ambao hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameufikia kwenye njia ile.

Wenye kasi zaidi katika marathoni

Kwa wanaume ni Gabriel Geay: 2:03:00, Valencia, Desemba 2022, siku aliyokuwa wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum. Kwa wanawake ni Magdalena Shauri: 2:18:41, Berlin, Septemba 2023. Alimaliza wa tatu katika mbio zilezile ambazo Tigist Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia.

Wa mwisho anayeheshimika kuliko wote

John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968. Alianguka njiani, goti likaumia, likafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Walioanza walikuwa 75. Yeye alikuwa wa 57, na nyuma yake hakufika mtu.

Ushindi mwembamba kuliko wote

Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayefanya mazoezi Arusha. Tokyo, 15 Septemba 2025, Mashindano ya Dunia. Baada ya kilomita 42.195, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tazama alikotokea: wa tano kwenye Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya Mashindano ya Dunia London 2017, wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo, fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, wa pili Boston Aprili 2025.

Kiu ndefu kuliko zote

Moscow 1980: Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hadi Paris 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Tanzania katika historia ya Olimpiki.

Rekodi hizi zinafundisha jambo moja. Sekunde 0.03 za Simbu hazikupatikana katika mita za mwisho pekee. Zililipiwa kwa miaka tisa ya kufika karibu, kukosa na kurudi tena. Ikangaa alirudi vilevile, na kwa Boston hakubahatika. Kwa hiyo, tukitaka kiu ile ikatwe Los Angeles 2028, tusimtupe mkimbiaji anayemaliza wa tano leo. Apewe kocha, matibabu, viatu na nauli, na mwaka unaofuata apewe tena.