Kabla ya kununua ndoo ya kutengenezea pombe nyumbani

WATU zaidi ya 45 walifariki katika eneo la Machakos mnamo Juni 2005 baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Tangu wakati huo, mtu akitaja pombe ya nyumbani katika mji huu, wasikilizaji wake hufikiria hospitali na makaburi kabla ya kitu kingine chochote.

Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi huelekezwa mahali pasipofaa. Asali au nafaka inayochacha ndani ya chombo safi haizai methanoli ya kiasi cha kuua. Maafa ya 2005, sawa na yale ya Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, yalitokana na kemikali ya viwandani iliyotiwa ndani ya pombe ili iwe kali upesi na kwa gharama ndogo. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, na mililita 10 pekee zaweza kupofusha. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 au zaidi, ndiposa mnywaji hulala akidhani amelewa tu.

Ni vyema tofauti hiyo ieleweke, hasa sasa ambapo vijana kadhaa wenye ajira na vyumba vya kupanga wanavutiwa na ufundi wa kujitengenezea kinywaji kwa kiasi kidogo, kama ifanywavyo Ulaya na Marekani. Huko ni burudani ya kawaida. Nchini Kenya kuna jambo la kuzingatiwa kwanza, nalo ni sheria.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyopewa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilifuta marufuku ya zamani dhidi ya chang'aa. Wengi walidhani mlango umefunguliwa wazi. La hasha. Sheria hiyo inakataza kutengeneza kileo chochote bila leseni, seuze kukiuza. Katiba ya 2010 nayo iliweka utoaji wa leseni za vileo miongoni mwa kazi za kaunti, ilhali ushuru wa bidhaa husimamiwa na Mamlaka ya Ushuru (KRA) na viwango vya ubora na KEBS. Kwa hivyo, safari ya kwanza ya anayetaka kujifunza ufundi huu ni ya kwenda kuuliza katika afisi ya kaunti, na ya pili ni kwa mwenye nyumba. Mpangaji anayeficha ndoo chini ya kitanda hujiweka katika hatari ya kufurushwa, hata kama kinywaji chake ni safi kama maji ya chemchemi.

Ufundi wenyewe si mgeni Ukambani. Pombe ya asali, ambayo Wakamba huiita uki, ilikuwa kinywaji cha wazee na cha shughuli za mahari, na vijana hawakuruhusiwa kuigusa. Ilichachushwa katika vibuyu vilivyowekwa karibu na moto, pamoja na tunda kavu la mti wa muatini, ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Tunda hilo likiwa bichi ni sumu. Lilipasuliwa, likachemshwa, likaoshwa na kuanikwa, kisha likatumiwa tena na tena, kwa kuwa nyuzi zake huhifadhi hamira ya pombe iliyotangulia. Kwa maneno mengine, wazee hao walikuwa na hamira yao ya kuaminika karne nyingi kabla ya ile ya pakiti.

Anayeishi katika chumba kimoja chenye jiko na choo ndani, al maarufu bedsita, mathalan mtaani Katoloni, hana kibuyu wala meko ya kuni. Hata hivyo, anachohitaji ni kidogo kuliko anavyodhani: sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, chombo cha kuchachushia chenye kifuniko, mpira mwembamba wa kuhamishia kinywaji, kipimajoto, chupa imara, na kifaa cha kioo kiitwacho haidromita ambacho huelea ndani ya kinywaji na kuonyesha kiasi cha sukari kilichobaki.

Chombo cha kuchachushia ndicho huwakosesha wengi. Ndoo za rangi za lita 20, ambazo hutumiwa tena kuteka maji katika nyumba nyingi za Kenya, hazifai hata zikisuguliwa mara kumi, kwani plastiki hufyonza kemikali na kileo huzitoa. Pipa la mabati pia halifai, kwa sababu uchachu hula zinki iliyopakwa juu yake. Ndoo mpya iliyotengenezewa chakula, isiyo na mikwaruzo ambamo vijidudu hujificha, ni bora kuliko pipa kubwa. Na ukubwa si jambo la kukimbilia. Lita tano zinatosha kwa mwanafunzi wa fani hii: huchemka juu ya jiko dogo la gesi, hutoshea pembeni mwa kabati, na zikiharibika hasara yake yavumilika.

Kifuniko hutobolewa tundu moja, na mpira mwembamba hupitishwa humo hadi ndani ya chupa yenye maji. Gesi hutoka kwa mapovu, nayo hewa ya nje na nzi wa matunda hawaingii. Kilo moja ya asali huzaa zaidi ya lita 200 za gesi ya kaboni, kiasi ambacho chombo kilichozibwa kabisa hakiwezi kukihimili. Dirisha liachwe wazi kidogo.

Kabla ya yote hayo, kila kitu kitakachogusa kinywaji baada ya kuchemshwa husafishwa mara mbili: kwanza kwa sabuni hadi uchafu uishe, kisha kwa dawa ya kuua viini, na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Hapa ndipo pombe nyingi za mara ya kwanza huharibikia. Mwanafunzi hutumia pesa zake kwa haidromita na kusahau mpira, ambao ndani yake hubaki ute usioonekana. Matokeo yake ni siki. (Siki nzuri si hasara, lakini haikuwa kusudio.)

Maji ya mfereji mjini Machakos hutiwa klorini, ambayo huacha ladha ya dawa. Kuyachemsha huiondoa. Mji huu uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 wala si 100. Yaachwe yachemke kwa dakika kadhaa. Baridi ya Julai, inayowakera wakazi walio chini ya vilima vya Iveti, huifaa hamira, ambayo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 24. Ikitiwa katika maji ya moto yaliyozidi nyuzi 40, hufa.

Ni kinywaji kipi cha kuanzia? Mtama huvutia, hasa kwa kuwa aina ya Gadam hukuzwa na wakulima wengi wa Ukambani kwa ajili ya viwanda vya bia. Lakini mtama lazima kwanza uwe kimea: uloweshwe, uchipuze kwa siku kadhaa, ukaushwe na kusagwa. Chipukizi zake hutolewa kwa kuwa zina kemikali inayozaa sianidi, na katika chumba chenye unyevu punje huota ukungu haraka. Kwa mwenye bedsita, asali ni rahisi zaidi. Kilo moja katika lita nne za maji huweza kufikia asilimia 10 ya kileo, yaani nguvu ya divai wala si ya bia. Anayetaka kinywaji chepesi hupunguza asali hadi nusu.

Kitu kimoja hakina nafasi katika nyumba ya kupanga, nacho ni kukeneka, yaani kuichemsha pombe na kukusanya mvuke wake. Mvuke huo hushika moto kwa urahisi, na jiko la gesi lipo papo hapo.

Baada ya wiki mbili au tatu mapovu hupungua, na wengi hukimbilia chupa. Hapo ndipo haidromita hulipa gharama yake. Kipimo kisomwe siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu. Kikiwa kimeshuka, uchachushaji bado unaendelea, na chupa zikizibwa huweza kupasuka usiku na kurusha vioo chumbani. Asali huchelewa kuliko nafaka, wakati mwingine kwa miezi. Kipimo kikikaa palepale mara mbili au tatu, kinywaji huhamishwa polepole kwa mpira, na masimbi yaliyotua chini huachwa kwenye ndoo.