Divai Yenye Jina la Nyanya

Je, msomaji, umewahi kuketi kwenye karamu ya arusi, ukamiminiwa divai nyeupe na kuambiwa uinuse kwanza kabla ya kuinywa? Mimi yamenikuta. Mwenyeji wetu, mtu wa safari nyingi, aliinusa yake, akafumba macho, akatutajia matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia kinywani. Tukatikisa vichwa kana kwamba tumeelewa. Mjomba wangu, ambaye hana haya, aliagiza soda ya ndimu na kuimimina humo humo.

Usicheke sana. Hata mabingwa wa kazi hii wamepitia aibu kama hiyo. Hebu nikusimulie habari za Bi Ntsiki Biyela wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka wa 1978, akalelewa na nyanya yake kijijini huko Mahlabathini, KwaZulu-Natal. Alipomaliza shule hakuwa na karo ya kuendelea na masomo, ikambidi afanye kazi ya nyumbani kwa muda. Mnamo 1999 Shirika la Ndege la Afrika Kusini likamfadhili akasomee utengenezaji wa divai katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Binti huyo hakuwa amewahi kuonja divai hata tone, na alipoionja haikumpendeza! Isitoshe, masomo yalifundishwa kwa Kiafrikana, lugha ambayo hakuijua.

Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa pua. Darasani zilitajwa harufu za vitu asivyovijua, kama vile ule uyoga ghali wa Ulaya unaochimbuliwa ardhini chini ya miti. Yeye aliponusa alikumbuka samadi ya ng'ombe wa kwao. Ameyasema haya hadharani bila soni, nami naona hakukosea hata kidogo. Pua humtajia mtu yale aliyokua nayo. Aliyelelewa karibu na zizi atasema zizi.

Alihitimu 2003, na mwaka uliofuata akaajiriwa Stellekaya, kiwanda kidogo cha huko Stellenbosch. Hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtengenezaji mkuu wa divai katika nchi ambayo zabibu zake zilianza kukamuliwa 1659. Mwaka wa 2009 akateuliwa mtengenezaji divai bora wa kike nchini humo. Kisha 2016 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, tena bila shamba la mizabibu, akinunua zabibu kwa wakulima. Akaiita Aslina, jina la yule nyanya aliyemlea.

Miongoni mwa divai za Aslina kuna nyeupe ya zabibu za Sauvignon Blanc. Ukiipata, au ukipata nyingine ya zabibu hizo, usiibugie kama maji ya mtungi. Ipoze friji hadi nyuzi 8 au 10 hivi. Ikiwa baridi kupita kiasi harufu hulala, na ikipata joto huchacharika vibaya kinywani. Mimina theluthi moja tu ya glasi, uishike kwa mguu wake ili kiganja kisiipashe moto. Izungushe polepole, kisha utie pua.

Hapo sahau matunda ya yule mwenyeji wetu. Tafuta pilipili hoho mbichi, nyasi zilizofyekwa punde, pasheni, ganda la ndimu. Wala si ndoto: kemikali zinazoipa hoho harufu yake, ziitwazo pirazini, zimo pia katika zabibu za Sauvignon Blanc. Sasa piga funda dogo, uliviringishe ulimini kabla ya kumeza. Ukihisi mate yakijaa kando ya ulimi, kama mtu aliyelamba ukwaju, huo ni ukali wa zabibu, na ndio unaoifanya divai hii ipatane na samaki. Mimi naipenda na ngege wa kukaanga na kachumbari. Kwa nyama choma naiona nyepesi mno, ingawa mjomba hakubaliani nami.

Divai ya Chardonnay ni habari tofauti. Nyingine hukomazwa katika mapipa ya mwaloni, zikanukia siagi na vanila. Hiyo mpe kuku wa nazi.

Nanyi wanafunzi msinune. Sheria ya Kenya ya 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 auziwe pombe, na wapo wasomaji ambao dini zao zimeikataza kabisa. Mchezo wa pua hauhitaji tone la divai. Kateni hoho, ndimu, pasheni, tangawizi na dhania, mfungane vitambaa machoni, mnuse na kutaja. Kwetu aliyeshinda ni mtoto wa darasa la nne. Mimi nilichanganya dhania na majani ya limau mbele ya watoto wangu!

Na ukikuta chupa ina kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo cha gome, usiidharau. Wengi huko Afrika Kusini hukitumia kimakusudi ili divai nyeupe isipoteze harufu. Itakayobaki ifunge vyema, uirudishe friji, uimalize kabla ya siku tatu. Ikizidi hapo, mwagia samaki jikoni.