Kolwezi: Matangazo yanakula mega zako. Kizuizi gani cha kuamini?

Bei ya shaba haipangwi Kolwezi. Inapangwa mbali, kwenye soko la madini la London. Mfanyabiashara wa Musompo anayetaka kuijua asubuhi, kabla magunia hayajapandishwa kwenye mizani, anatoa simu mfukoni na kufungua intaneti. Ukurasa unaanza kufunguka polepole. Kabla namba hazijaonekana inatokea video ya parifoot. Chini yake kunakuja picha ya dawa ya kupunguza tumbo. Kisha kisanduku chekundu kinafunika yote na kusema simu yake imeingia virusi, abonyeze hapa haraka. Anapofikia bei aliyoitafuta, sehemu ya mega alizonunua imekwisha kwenda, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Hali hiyo wanaijua wengi katika jimbo la Lualaba: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anayetafuta somo, mama wa Manika anayesoma habari za muji, kijana wa Kasulo anayetafuta kazi kwenye makampuni ya madini. Wote wananunua mega kwa feza yao, mara nyingi kidogo kidogo, za siku moja au za saa chache. Wazee walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Dawa ipo, na kubwa zaidi ni ya bure. Ni programu za kuzuia matangazo kwenye kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za intaneti ambayo wengi wetu tunaiita navigateri. Lakini vizuizi havifanani. Baadhi vinazuia kweli, vingine vinazuia nusu, na vingine vinafukuza matangazo ya wengine ili kuleta ya kwao. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuchagua mlinzi wa lango lako, uliza kwanza: nani anamlipa?

Namna kizuizi kinavyofanya kazi

Ukurasa wa intaneti haukuji kama karatasi moja. Unakuja kwa vipande: maandishi yanatoka kwa gazeti lenyewe, lakini picha za matangazo, video na programu ndogo za kukufuatilia zinatoka kwenye mashini za makampuni mengine. Kila kipande simu yako inakiomba peke yake, na kila kipande kinalipwa kwa mega zako.

Kizuizi kina orodha ndefu ya anwani za mashini hizo. Orodha inayojulikana zaidi, EasyList, ilianza mwaka 2005 na inatunzwa na watu wa kujitolea. Simu inapotaka kuomba kipande kutoka anwani iliyo kwenye orodha, kizuizi kinakataa. Kipande hakiji kabisa, kwa hiyo mega haziendi. Ukurasa unafunguka haraka, na betri inadumu zaidi. Katika muji ambao umeme wa SNEL unakatika mara kwa mara, hata kama mabwawa ya Nzilo na N'seke yako karibu, betri ya simu si jambo dogo.

Chrome: mlinzi aliye na biashara yake

Simu nyingi za Android zinakuja na Chrome ya Google. Tangu mwaka 2018 Chrome ina kizuizi cha ndani, lakini kinafanya kazi tu kwenye kurasa zenye matangazo ya kusumbua kupita kiasi. Matangazo mengine yote yanapita. Sababu si ya kutafuta mbali: sehemu kubwa ya mapato ya Google inatoka kwa matangazo.

Zamani Chrome ilikuwa na njia ya kupunguza matumizi ya mega. Google iliiondoa mwaka 2022. Na tofauti na Chrome ya kompyuta, Chrome ya simu za Android haikuruhusu mtu kuongeza kizuizi cha kwake.

Kama huna njia ya kuweka kivinjari kingine, fanya walau mambo mawili. Ingia kwenye «Paramètres des sites», kisha «Pop-up et redirections», uhakikishe zimefungwa. Halafu, ukurasa wowote ukikuomba ruhusa ya kukutumia «notifications», bonyeza «Bloquer», usibonyeze «Autoriser». Matangazo mengi yanayoruka kwenye simu hata wakati huisomi yaliingia kwa mlango huo, na mwenye simu ndiye aliyeufungua bila kujua.

Opera Mini na Phoenix: nyepesi, lakini si bila matangazo

Opera Mini inapendwa Afrika tangu simu za vibonyezo, na inastahili sifa yake. Katika njia yake ya kubana sana, ukurasa haukuji moja kwa moja kwako. Unapita kwanza kwenye mashini za Opera, unabanwa, kisha unatumwa mdogo kabisa. Kwa mtu mwenye mega chache na mtandao dhaifu, hiyo ni faida kubwa. Tangu mwaka 2016 ina pia kizuizi cha matangazo ndani yake, nawe unakiwasha mwenyewe.

Ina bei mbili zisizoandikwa. Ya kwanza: ukurasa wake wa mwanzo una habari na matangazo ya Opera yenyewe, maana kampuni inaishi kwa hayo. Ya pili: katika njia ya kubana sana, mashini za katikati ndizo zinazofungua ukurasa kwa niaba yako. Kwa kusoma habari au bei ya shaba hakuna neno. Kwa namba ya siri ya benki, tumia kivinjari kingine.

Simu za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zimejaa masoko yetu, mara nyingi zinakuja na Phoenix. Nayo ina sehemu ya kuzuia matangazo, lakini yenyewe inaleta habari na matangazo bila kuitwa. Kumbuka pia funzo la UC Browser: mwaka 2015 wachunguzi wa Citizen Lab wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba kivinjari hicho, kilichotumiwa na watu wengi sana, kilikuwa kinavujisha habari za wenye simu. Kivinjari chepesi si lazima kiwe rafiki.

Brave: tayari tangu siku ya kwanza

Brave ilianzishwa na Brendan Eich, Mmarekani aliyetengeneza lugha ya JavaScript na aliyekuwa kati ya waanzilishi wa Mozilla. Ukiiweka tu, kizuizi kinawaka chenyewe. Hakuna cha kupanga. Inafanana sana na Chrome, kwa hiyo mtu aliyezoea Chrome hapotei.

Brave nayo inatafuta feza: ina matangazo yake na mambo yake ya sarafu za intaneti, yanayokualika ushiriki. Unaweza kuyazima au kuyaacha bila kuyagusa. Kwa mzazi au mfanyabiashara asiyependa kuhangaika na mipangilio, hii ndiyo njia fupi zaidi.

Firefox na uBlock Origin: mlinzi asiyelipwa

Firefox ya Android inakuruhusu kuongeza vizuizi unavyotaka. Kati ya vyote, kinachosifiwa zaidi ni uBlock Origin cha Raymond Hill. Ni cha bure, na mwenye kukitengeneza hapokei hata michango. Hakuna kampuni inayoweza kununua nafasi ya kupita.

Hilo ni tofauti na Adblock Plus, ambayo tangu mwaka 2011 ina mpango wa «matangazo yanayokubalika»: matangazo yasiyo na fujo yanaachwa yapite, na makampuni makubwa yanalipa ili kuwemo. Si wizi, maana mpango umeandikwa wazi na unaweza kuuzima. Lakini ujue kwamba mlinzi huyo anapokea mshahara pia kutoka kwa wanaobisha hodi.

uBlock Origin ina jambo moja ambalo mnunuzi wa mega atalipenda: unaweza kuiamuru ikatae picha na video zote zinazopita ukubwa fulani, kwa mfano kilobaiti 50, hata kama si matangazo. Ukiitaka picha, unaigusa ndipo inakuja. Kwa anayetafuta maandishi tu, mega zinadumu sana.

Ubaya wake? Firefox inaweza kuwa nzito kwenye simu yenye nguvu ndogo. Na haki isemwe: Mozilla, wenye Firefox, wanapata sehemu kubwa ya feza yao kwa Google, inayolipa ili kuwa chombo cha kutafutia ndani yake. Kuiweka ni rahisi: fungua Firefox, ingia kwenye «Extensions», chagua uBlock Origin, kubali.

Wenye iPhone wana njia yao. Tangu mwaka 2015 Safari inakubali vizuizi vya nje, na mwaka 2025 toleo jepesi la uBlock Origin lilifika huko pia.

Njia ya kufunika simu nzima

Vizuizi vya kivinjari havigusi matangazo yaliyo ndani ya programu nyingine, kama michezo ya watoto. Kwa hayo, simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mahali paitwapo «DNS privé», ndani ya «Paramètres», kwenye «Réseau et Internet». Ukiandika hapo dns.adguard-dns.com, simu itauliza njia zake kwa mashini za AdGuard, na hizo zinakataa kutaja njia ya kwenda kwa wenye matangazo.

Haihitaji programu wala hailemei simu. Lakini kampuni hiyo itaona majina ya tovuti unazozitembelea. Na kama siku moja intaneti inakataa kufunguka, rudisha mpango wa kwanza kabla ya kumlaumu muuza mega.

Usitegemee muujiza: matangazo ya ndani ya programu za Facebook na TikTok yatabaki, kwa sababu yanatoka nyumba moja na picha za marafiki zako.

Si mega tu

Kolwezi ni muji wa watu wanaotafuta kazi. Wanatoka Kasaï, Haut-Lomami, Lubumbashi, kila mmoja na karatasi zake mkononi. Tangazo lenye alama ya kampuni ya madini na maneno «tunaajiri leo» linamgusa kijana kuliko video yoyote ya parifoot. Anabonyeza, anajaza jina, namba ya simu, kisha anaombwa kutuma feza ya «dosye» kwa M-Pesa au Airtel Money. Feza hiyo hairudi.

Kizuizi kizuri kinapunguza mitego ya namna hiyo, hasa ile inayoruka juu ya kurasa. Hakiimalizi. Tangazo la uongo linalopitishwa kwenye WhatsApp na shemeji yako hakuna orodha itakayolizuia. Kazi ya kweli haiombi ulipe ili uipate.

Na magazeti yataishi kwa nini?

Upande wa pili nao una haki ya kusikiwa. Magazeti mengi ya intaneti inchini hayauzi karatasi wala hayana ruzuku. Yanaishi kwa matangazo. Mwandishi anayepanda pikipiki kwenda Fungurume kuuliza habari ya wakaaji walioondolewa karibu na mgodi analipwa, kidogo, na picha hizo hizo tunazotaka kuzifukuza. Tukizuia yote, kila mahali, sauti hizo zinaweza kunyamaza.

Lakini mwenye mega hana kosa. Wakongomani wanaikumbuka RAM, ile kodi ya simu iliyoanza mwaka 2020: dola 1 kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G kwa mwaka, zikikatwa kwenye inite zao. Raia walipiga kelele, wabunge wakahoji, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kilichowauma watu hakikuwa kiasi peke yake. Kiliwauma kukatwa bila kuulizwa, bila kuona wapi feza imekwenda. Tangazo zito linalopakuliwa kimya kimya linafanya vilevile, na hata risiti ya peaje ya barabara ya Likasi haitoi.

Vizuizi vyote vizuri vina kitufe cha kuruhusu ukurasa mmoja mmoja. Gazeti unaloliamini, ambalo matangazo yake hayakufungii macho wala hayakudanganyi, lifungulie. Lenye fujo, liache nje. Ukifanya hivyo hujaua gazeti, umesema tu ni tangazo gani unakubali kulilipia.

Jaribu wewe mwenyewe

Usiamini maneno ya mtu, hata ya makala hii. Chagua kurasa tano unazosoma kila siku. Leo zifungue kwa Chrome, kesho kwa Firefox yenye uBlock Origin au kwa Brave. Kila jioni ingia kwenye «Paramètres» na utazame mega ambazo kila programu imekula. Simu inaziandika zenyewe. Ziandike kwenye karatasi, ulinganishe.

Kwa simu dhaifu na mega chache: Opera Mini, ukiwa umewasha kizuizi chake, lakini si kwa benki. Kwa asiyetaka kuhangaika: Brave. Kwa anayetaka mlinzi asiye na bwana mwingine: Firefox na uBlock Origin. Na kwa simu ya mtoto iliyojaa michezo: «DNS privé».

Kobalti iliyo ndani ya betri nyingi za simu duniani ilitoka katika udongo huu wa Lualaba, na ilipotoka tulizoea wengine ndio wapange bei. Mega ulizonunua asubuhi ni zako. Angalau hizo, panga mwenyewe ziende wapi.